Njia Inapita Mlangoni kwa Ma Kokugonza

Ninyi vijana mnaosomea utalii mna swali moja mnalopenda kuniuliza. "Mama Kemi, sehemu ya kutembelewa na wageni inaanzaje?" Mnauliza mkiwa mmeshika kalamu, mnasubiri niseme mtandao, bango, picha za droni. Mimi nawajibu: choo. Mnacheka. Chekeni, nami nacheka, ila nikimaliza kucheka narudia pale pale, choo, kwa sababu hilo nilijifunza kwa aibu.

Zamani kule kwetu Kaagya tulifungua kilima cha kutazamia ziwa. Tulikuwa na bango zuri, limechorwa samaki, mgomba na kitu ambacho mchoraji alidai ni kiboko. Siku ya kwanza akaja bwana mkubwa mmoja na mke wake. Walitazama ziwa, wakalisifu, kisha yule mama akanivuta pembeni na kuninong'oneza. Nikakimbilia nyumba ya kwanza niliyoiona. Mwenye nyumba akasema kwa heshima ya Kihaya, "Choo kipo, waitu, karibuni sana, lakini mle ndani kuna kuku anaatamia, na ni mkali." Basi tukasimama pale mlangoni watatu, mimi, mgeni na mwenye nyumba, tukimbembeleza kuku. Bahati yangu mgeni alikuwa mtu mwema, alicheka mpaka machozi. Wiki ile ile nikaanza kuchimbisha choo.

Nimetembeza wageni Bukoba na Muleba kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza mapokezi kwenye nyumba ya wageni mjini, nikipokea mizigo na kuandika majina kitabuni, kisha wageni wakaanza kuniuliza kuna nini cha kuona, nami nikawa najibu kwa kuwapeleka. Sasa magoti yamechoka na milima, nami nimerudi kwenye migomba yangu. Kwa hiyo nina muda wa kuwasumbua ninyi.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa na cheti chochote zaidi ya leseni ya udereva. Ni Ta Byabato, mwenye Landrova ya kijani iliyokuwa ikipiga kelele kuliko mwendo wake. Huyu mzee hakuwahi kunipa hotuba. Siku moja nilimwomba anipeleke na wageni kwenye pango fulani nililosimuliwa, akauliza, "Umefika wewe mwenyewe?" Nikasema bado. Akazima gari. "Basi shuka ukafike. Mara moja kukiwa na jua, mara moja kukiwa na mvua, na mara ya tatu nenda na mtu mzima anayependa kulalamika."

Nilikuwa na shangazi wa namna hiyo, tena wa daraja la juu. Nilimchukua kila mahali. "Kemi, hapa panateleza. Kemi, hapa hakuna hata kivuli. Kemi, huyu mbwa ananitazama vibaya." Mimi nyuma naandika daftarini. Kisha nikarudi na mafundi, tukaweka kamba ya kushikilia pale panapoteleza, tukapanda miti, tukaongea na mwenye mbwa. Wageni walipokuja walisema mahali pale pamepangwa kitaalamu sana. Mtaalamu alikuwa nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya moto, bado ananung'unika.

Na mjue kumsoma mgeni kwa jinsi alivyofika. Aliyekuja kwa meli kutoka Mwanza anashuka asubuhi akiwa hajalala vizuri, mwili bado unayumba. Huyo usimsimulie historia, mpe chai na mkate kwanza. Aliyekuja kwa basi amekaa njiani siku nzima, anataka kusimama, usimwambie karibu kiti. Wa ndege ndiye mgumu. Anashuka pale kando ya ziwa bado ana haraka za huko alikotoka, na kabla hujamshika mkono ameshakuuliza saa ya kurudi. Wa namna hiyo nitawasimulia mmoja leo.

Umbali nao una mambo yake. Wahaya hatupendi kumkatisha mgeni tamaa. Ukiuliza ni wapi, unaambiwa "hapo tu." Nimetembea "hapo tu" ya saa tatu. Lakini msidhani simu zenu ni bora zaidi. Juzi juzi mmoja wenu alifuata ramani ya simu huko Ngenge, ramani ikamwonyesha barabara safi, kumbe ni njia ya ng'ombe, akalala na gari katikati ya majaruba ya mpunga huku sauti ya simu ikimwambia aendelee mbele. Alinipigia analia. Nilimpa pole, kisha nikakata simu nicheke vizuri.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya visiwani. Visiwa vya Muleba vimejaa wavuvi kutoka kila upande: Mara, Ukerewe, Geita, na wengine ambao ukiwauliza kwao wanacheka tu. Niliona wageni wangependa kuona maisha ya mwalo, yaani pale mitumbwi inapopandishia samaki: dagaa wameanikwa, nyavu zinashonwa, mama ntilie wanakaanga. Nikachukua boti na wageni sita. Sikutuma habari kwa mtu yeyote, nikijua tunakwenda kwa watu wakarimu.

Sasa wale wageni walivaa fulana za mifuko mingi, kofia zinazofanana, na mmoja alishika kamera ndefu kama bomba. Tulipokaribia niliona watu wanakimbia. Nikawaambia wageni, "Wanakuja kutupokea." Kumbe wanakwenda. Walidhani sisi ni maafisa wa kukagua nyavu. Tuliposhuka hapakuwa na wavu hata mmoja, wala mtu. Kwenye banda la mama ntilie moto ulikuwa unawaka, mafiga matatu yamekaa sawasawa, sufuria haipo. Mama alikuwa amekimbia nayo. Kwenye kisiwa kizima tulimkuta paka.

Wageni wangu wakatembea saa mbili kimyakimya, wakarudi wameridhika kabisa, wakaandika kwenye kitabu changu kwamba hawajawahi kuona kisiwa kitulivu namna ile. Boti ilipokuwa imeshatoka mbali kidogo watu wakaanza kuchomoza vichakani, wakatupungia mikono kwa furaha kubwa. Nilirudi peke yangu wiki iliyofuata kuomba radhi. Mkuu wa mwalo akaniambia, "Mama, si ungepiga simu tu? Tungewakaangia sato. Umetukimbiza na sufuria ya moto, mwenzetu ameungua kidole." Mwenye kidole akaletwa nikione.

Nikaapa kwamba tangu siku hiyo sitakwenda mahali bila kutuma habari. Na kiapo hicho ndicho kilichonitumbukiza kwenye matatizo ya Buganguzi.

Buganguzi mnapajua, migomba na kahawa, vijiduka, watu wanaoamka mapema. Kuna mwamba pale juu, na maji yanaporomoka mwambani yakaangukia kwenye kidimbwi. Niliyapenda maporomoko yale tangu siku ya kwanza shangazi alipoyalalamikia kwamba yanamrushia maji usoni. Nikawaambia wanakijiji kwamba wageni watakuja. Wakaniamini. Kwa miaka minne walifyeka njia kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu, wakapanga ngazi za mawe, wakachimba vyoo viwili bila mimi kuwasukuma. Wageni niliowaleta ni wachache sana, wale wa kupita njia tu, na kampuni za kutembeza watu hazikuwa zinajibu barua zangu.

Ndipo akatokea mtu wa kokoto. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hilo. Alihitaji mwamba wa kuvunja, na mwamba mzuri ulikuwa ule. Kijiji kilikuwa na zahanati iliyosimama kuta tupu, haina paa, na yeye akaandika barua akiahidi kuiezeka yote akipewa mwamba. Mwenyekiti Ishengoma aliniita ofisini akanionyesha barua. Mzee huyu alikuwa amefyeka njia ile kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama Kemi," akasema, "Jumapili baada ya ibada tunakaa mkutano wa kijiji. Watu wataniuliza, kati ya paa na maji yanayoanguka tu, tunachagua nini? Mimi nitawajibu nini?"

"Nipe hadi Jumapili," nikamwambia. "Ijumaa namleta mtu."

Mtu huyo alikuwa Aika, dada mmoja kutoka Arusha, Mchaga, mkaguzi wa kampuni inayoandaa safari za wageni. Ndiye pekee aliyejibu barua zangu. Kazi yake ilikuwa kufika mahali, kutazama, na kusema ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, mahali pale panaingia kwenye ratiba zao na wageni wanaletwa mwaka mzima. Alikuwa na siku moja. Anashuka na ndege ya asubuhi Bukoba, anaondoka na ndege ya saa kumi jioni. Kwa hiyo mwamba ule ulikuwa na siku moja ya kutetewa, na wakili wake ni mimi.

Niliandaa ratiba ya dakika kwa dakika. Saa mbili barabarani, dakika arobaini kupanda, dakika ishirini za kutazama na kupiga picha, dakika arobaini kushuka, saa mbili kurudi. Inabaki karibu saa nzima ya akiba. Nikaona nimepiga hesabu kama profesa. Na sikusahau kiapo changu. Nikampigia Mwenyekiti simu, nikasisitiza: "Waambie watu mgeni anakuja Ijumaa. Waambie wote. Wasije wakakimbia."

Ijumaa hiyo Aika alishuka na begi dogo na daftari. Mkono wake ulikuwa mkavu, na macho yake hayakucheka. Njiani aliuliza maswali ya maana: barabara wakati wa mvua ikoje, hospitali ya karibu iko wapi, vyoo vingapi. Niliposema viwili aliandika, na mimi moyoni nikamshukuru yule kuku. Ta Byabato alikuwa anaendesha, ameshazeeka lakini Landrova ni ile ile.

Tulipofika mwanzo wa njia tukamkuta Mwenyekiti amevaa koti na tai, anang'aa usoni. Akanivuta pembeni. "Kila kitu tayari. Nyumba zote tano zimejiandaa."

"Zimejiandaa kwa nini?"

"Kumpokea! Si ulisema niwaambie wote?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Njia ya maporomoko inapita mbele ya nyumba tano, moja baada ya nyingine, mlango kwa mlango. Ninyi wa kwetu mnajua mgeni akipita mlangoni kwa Mhaya inakuwaje. Anaingizwa, anakalishwa, anapewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na maganda yake pamoja na majani yenye harufu nzuri zikaanikwa hadi zikakauka, atafune taratibu. Anaulizwa habari za kwao, wazazi, mvua, ndizi. Kisha kinakuja chakula. Hakuna njia ya mkato katika jambo hilo, na mimi Mhaya mwenzao nilikuwa nimepanga ratiba ya dakika kwa dakika bila kuweka hata dakika moja ya kukaa. Aliyekosea hivyo angekuwa mtu wa kuja tungemsamehe.

Nikafanya uamuzi wa mtu aliyeshikwa na hofu. Nilijua kuna kinjia nyuma ya nyumba, kinapita kwenye mibuni. Nikamwambia Aika, "Tupite huku, kuna kivuli." Ta Byabato aliyekuwa anatufuata akanisogelea, akaniambia kwa Kihaya ili Aika asielewe, "Kemi, nyuma ya nyumba hupita mbuzi." Nikajifanya sijasikia.

Tulipita nyuma ya nyumba ya kwanza tukiinama chini ya matawi. Kupitia mibuni tuliona uani: mikeka mipya imetandikwa, viti vimepangwa, watu wamevaa nguo za kanisani wamekaa wanatazama barabarani. Aika akasimama. "Wale wanamsubiri nani?"

"Kuna shughuli kidogo," nikasema.

Vijana, katika miaka yangu yote ya kazi huo ndio uongo ninaoukumbuka kwa aibu. Haukufika mbali, maana mbele yetu mibuni ikatikisika akatoka Ma Kokugonza mwenyewe, mama mwenye nyumba ya kwanza, mwenye miaka zaidi ya themanini, fimbo mkono mmoja na kikapu kidogo cha akamwani mkono mwingine. Akasimama katikati ya kinjia. Hakukasirika. Alionekana tu ameumia, na hilo lilinichoma zaidi.

"Kemilembe, mwana wange," akasema. "Mbona unanifichia mgeni?"

"Si kumficha, mama. Ni ndege. Mgeni ana ndege ya saa kumi."

"Hiyo ndege ikishaondoka inarudi lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi si inarudi," akasema, na akamgeukia Aika. "Karibu nyumbani, waitu. Pita mbele, huku nyuma utachafuka."

Aika alifunga daftari lake. Akanigeukia. "Mama Kemi, uliniambia kuna shughuli."

"Ndiyo."

"Kumbe shughuli yenyewe ni mimi."

Akamshika Ma Kokugonza mkono, wakazunguka kwenda mbele ya nyumba, mimi nikabaki nyuma na Ta Byabato, ambaye alikuwa anatazama juu kwenye mibuni kama anayekagua kahawa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nilijua nimeshaharibu. Mkaguzi akishakushika na uongo, hata ukimwonyesha pepo hataiandika. Nikaona mwamba umeshakuwa kokoto.

Ndani, Aika alipewa akamwani na buni ya kwanza akaimeza nzima. "Usimeze, hiyo si dawa," Ma Kokugonza akamwelekeza. "Tafuna, vuta utamu, ganda liweke pembeni. Kwenu mnalima kahawa?"

"Tunalima sana, mama."

"Mnaitafuna?"

"Hapana. Tunaiuza."

"Yote?"

"Yote."

"Poleni," Ma Kokugonza akasema kwa huruma ya kweli kabisa. Hapo ndipo Aika alipocheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akacheka mpaka buni ya pili nayo ikapotea tumboni.

Nyumba ya pili ilitoa ndizi na maharage. Nyumba ya tatu ilikuwa na matarumbeta ya kwaya, watu wanne, wamejifunza nyimbo mbili kwa ajili ya mgeni na moja ilikuwa ya Krismasi, na huo ulikuwa mwezi wa tano. Walizipiga zote mbili mara tatu. Nyumba ya nne tulipokuwa tumeshakaa, mvua ikashuka ile ya Muleba, inayokuja na kelele zake zote. Saa kumi ilipopita Aika aliitazama saa yake, akaomba ndizi nyingine. Sikuweza kujua anafikiri nini. Nilikula bila kusikia ladha.

Akalala kwa Ma Kokugonza. Mvua ikanyesha hadi asubuhi, na kulipokucha Mwenyekiti alikuja na mabuti yamejaa tope akatuambia kijito cha mwisho kabla ya maporomoko kimefurika, hakivukiki. Ndege ya asubuhi ilikuwa inasubiri. Tukaondoka. Mkaguzi wangu wa maporomoko aliondoka Buganguzi hajayaona maporomoko.

Uwanjani nilimwambia yote: kiapo, ratiba, mtu wa kokoto, mkutano wa kesho yake, na ule uongo. Nililia kidogo, sitaficha. Aika akanisikiliza hadi mwisho. "Siwezi kuandika maporomoko ambayo sijayaona," akasema. "Nitaandika nilichokiona." Nikaitikia kwa kichwa. Alipokuwa anaelekea kwenye ndege akageuka akapaza sauti, "Mwambieni wa nyumba ya tano asinune! Nikirudi sitamruka!"

Nilirudi Muleba na kauli hiyo tu. Jumapili baada ya ibada watu walijaa, wengine wamekaa kwenye nyasi, wengine wamesimama. Mwenyekiti akasoma barua ya mtu wa kokoto hadi mwisho, bila kuipunja. Kisha akanigeukia.

"Mama Kemi, mgeni wako amesemaje juu ya maporomoko?"

Ningeweza kupamba maneno. Nilikuwa nimeshakinai uongo. "Hakuyaona," nikasema.

Mkutano ukaguna. Baba mmoja akasimama akasema kwa haki kabisa kwamba mke wake alibebwa kwenye machela hadi barabarani akiwa na uchungu, na kwamba yeye anataka paa. Watu wakamwitikia. Nikaona mikono inaanza kujiandaa. Ndipo Ma Kokugonza akaomba asaidiwe kusimama.

"Zahanati naitaka mimi kuliko ninyi wote, mtazameni mtu mwenyewe," akasema. Watu wakacheka kidogo. "Lakini nina swali kwa Mwenyekiti. Yule binti amekula kwangu, amelala kwangu, na amesema atarudi. Akirudi tutamkalisha, tutampa akamwani, tutamlisha, matarumbeta yatapigwa. Halafu, Mwenyekiti, tumpeleke akaone kokoto?"

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele, hata yule baba wa machela akacheka, na Mwenyekiti akalazimika kuweka karatasi chini afute macho. Walipoulizwa nani anataka mwamba uvunjwe, ilinyooka mikono tisa. Yule baba hakunyoosha. Alisema paa tutalitafuta, na kweli alikuwa wa kwanza kubeba mbao. Lilichukua miaka miwili, nawaambieni ukweli, na watu wa Buganguzi wanaoishi mijini hawakupumua kwa simu alizowapigia.

Barua ya Aika ilikuja baada ya mwezi. Ilikuwa ratiba ya siku nzima kwa miguu, nyumba tano, saa na dakika zimeandikwa kila nyumba, chakula kipi kiko wapi, na chini kabisa mstari mmoja: maporomoko, kama muda utaruhusu. Hivyo ndivyo njia ile ilivyoanza, ninyi mnaopeleka wageni huko sasa na kudhani ilibuniwa na mtaalamu. Na ndiyo maana nawakatalia mkitaka kuifupisha. Kabla hujaweka dakika za kutembea, weka za kukaa. Kaa kwanza wewe mwenyewe, uone zinafika ngapi.

Alirudi mwenyewe mwezi wa tisa, akiwa na wageni kumi na mmoja. Tuliingia nyumba zote, na ya tano ilikuwa imejiandaa kwa hasira ya miezi minne, tukala mpaka tukapumua kwa shida. Jua lilikuwa limeshainama tulipofika juu, Ma Kokugonza naye yumo, amekataa kubaki. Aika akasimama mbele ya maji. Akayatazama juu, akayatazama chini. Hakukuwa na kazi kubwa ya kutazama.

"Mama Kemi."

"Abee."

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

"Mbona madogo hivi?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa kwa miaka minne, tangu barua yangu ya kwanza. Ma Kokugonza akanijibia. "Ni hayo hayo, mwana wange. Kwani nani alikwambia makubwa? Kaa kwanza, umetembea." Wageni walikuwa wameshavua viatu na kuingia kidimbwini wanapiga kelele kama watoto. Aika akayatazama tena, akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya mwamba.